Babu, mimi nasomea ualimu!

Najua nimepotea. Testi zimebana na bumu nalo lilichelewa, ila leo sina malalamiko, nina kisa na historia kidogo.

Kwetu ni Buzwagi, Kahama. Nikitaja tu hapa Mazimbu, watu wanauliza dhahabu. Mgodi ulianza kuzalisha 2009 nikiwa mtoto, ukasimama 2021. Babu yangu hakufanya kazi mgodini hata siku moja, yeye ni ng'ombe tu. Wiki iliyopita akapiga simu usiku: ndama kalala, anahema kwa shida, matezi chini ya masikio yamevimba. "Wewe si uko SUA?" Kwake SUA ni SUA, ualimu ni kitu gani!

Asubuhi nikadandia daladala hadi kampasi kuu, kwa mshikaji wangu wa BVM, mwaka wa tatu. Huyu huwa namtania kwamba bumu lake lote linaishia kwenye sabuni, maana ananuka zizi. Nikampa simu. "Shikamoo babu." Akauliza homa, akauliza kupe, siku ngapi sasa. Akasema inaelekea ni ndigana kali; dawa ipo ila inataka kuwahiwa, mtafute afisa mifugo leo leo.

Ndama alikufa jioni ile ile.

Nikabaki najiuliza hawa madaktari tumeanza lini kuwasomesha wenyewe. Kumbe si zamani sana. Miaka ya 1960 ukitaka udaktari wa mifugo ulikwenda Kabete, Nairobi, kwenye kitivo cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nchi tatu kitivo kimoja. Chuo hicho kikavunjika 1970, kila nchi ikabaki na chake. Morogoro tayari kulikuwa na chuo cha kilimo kilichoanza 1965 kwa kutoa diploma, na tangu 1970 kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mifugo ikaongezwa 1976. Angalieni tarehe hizo, wadau: 1977 Jumuiya ikafa na mpaka wa Kenya ukafungwa. Tungechelewa kidogo tu, wanafunzi wangepita wapi kwenda Kabete?

Chuo kamili kikaja 1984, kikapewa jina la Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo pale Dakawa, si mbali na hapa. (Mazimbu yetu na wapigania uhuru wa Afrika Kusini ni stori ya siku nyingine.)

Jana babu kapiga tena. Mama wa yule ndama yuko salama, anakula. Halafu akauliza, "Huyo daktari wako anamaliza lini?"

BVM ni miaka mitano. Nikamwambia bado miwili baada ya huu.

Akanyamaza kidogo. "Mwambie asikawie."