Kibali cha Kazi Katika Historia ya Ujirani Wetu

Ndugu walimu, tarehe 1 Desemba 1967 yafaa ikumbukwe kwa mambo mawili. Siku hiyo Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulianza kutumika baina ya Kenya, Uganda na Tanzania; na siku hiyo hiyo ilianza nchini Kenya sheria mpya ya uhamiaji, iliyomtaka asiye raia awe na kibali ndipo afanye kazi. Mkataba ulifungulia bidhaa njia. Mtafuta kazi haukumpa haki hiyo.

Mwaka 1970 zamu ikawafikia Wakenya wenyewe. Serikali ya Obote iliwafukuza Uganda vibarua wa Kenya wakadiriwao 30,000, ili kazi zao zishikwe na raia. Wengine walikuwa wamekwisha lowea huko.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, imeitambua haki ya mfanyakazi kuvuka mpaka. Hata hivyo, mkataba wa kazi ukizidi siku 90, kibali hutakiwa.

Kibali na kubali ni maneno ya shina moja. Tuyafundishapo, tuwaulize wanafunzi: katika ujirani huu, nani amekubaliwa, na nani angali mgeni?