Kutoka Saa ya Mfukoni Hadi Simu ya Mkononi

Mwishoni mwa mwaka 1887, toleo la Krismasi la jarida la Beeton lilitoka London likiwa na hadithi ya daktari kijana ambaye jina lake lilikuwa bado halijavuma. Arthur Conan Doyle alikuwa ameiuza A Study in Scarlet kwa pauni 25 tu, na hakimiliki ikaenda nayo. Humo ndimo mpelelezi Sherlock Holmes alimoingilia duniani. Msomaji anamkuta kwa mara ya kwanza katika maabara ya hospitali ya Barts, akishangilia kama mtoto kwa sababu amegundua dawa ya kutambua damu hata kama doa limekauka siku nyingi.

Wengi wetu tumezoea kumwona Holmes kama mtu wa zama za kale, lakini kwa wasomaji wake wa kwanza alikuwa mtu wa kisasa kuliko majirani zao. Alituma telegramu moja baada ya nyingine, akajua ratiba za treni kwa kichwa, akategemea kemia pale polisi walipotegemea mazoea. Katika hadithi moja ya mwaka 1891 alimbaini mlaghai kwa kuchunguza herufi zilizochakaa za mashine yake ya taipu, wakati mashine zenyewe zilikuwa bado ngeni katika ofisi nyingi. Jarida la Strand, lililoanza kuchapisha hadithi hizo fupi Julai ya mwaka huohuo, liliwapa wasomaji mji wao wenyewe. Ukungu na magari ya farasi ni vitu walivyovikuta nje ya mlango.

Sinema ilipomchukua Holmes, basi, haikuona haja ya kumrudisha nyuma. Filamu yake ya kwanza, iliyotengenezwa Marekani karibu na mwaka 1900, haifiki hata dakika moja: mwizi anatoweka na kutokea tena, na mpelelezi anabaki ameduwaa. Kati ya 1921 na 1923 kampuni ya Stoll ya Uingereza ilimtoa katika filamu fupi 45 na ndefu 2, akiigizwa na Eille Norwood, na London iliyoonekana humo ilikuwa ya miaka hiyohiyo ya upigaji picha. Conan Doyle alimsifu Norwood. Hata hivyo, katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka 1924, alilalamika kwamba filamu hizo zilitia simu, motokaa na anasa nyingine ambazo Holmes wa enzi ya Malkia Victoria hakuwahi kuziota.

Lalamiko hilo lina mengi ndani yake. Conan Doyle mwenyewe alikuwa bado anaandika hadithi mpya za Holmes, na angeendelea hadi 1927. Lakini Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katikati, na dunia ya kabla yake ikaanza kuonekana mbali kuliko miaka ilivyoonyesha. Hata aliyemuumba alikwisha kumweka Holmes katika kabati la vitu vya kale. Mavazi nayo yalisaidia. Ile kofia yenye ukingo mbele na nyuma ilitoka zaidi kwenye michoro ya Sidney Paget katika Strand, na kiko kilichopinda kilizoeleka kutokana na mwigizaji William Gillette, aliyempandisha Holmes jukwaani mwaka 1899. Kofia na kiko vikawa sare. Mwenye sare hiyo hatambuliki akiivua.

Sare hiyo ilivuliwa hadharani mwaka 1942. Miaka mitatu kabla, studio ya Fox ilikuwa imetoa filamu mbili zenye Basil Rathbone kama Holmes na Nigel Bruce kama rafiki yake Watson, zote katika enzi ya Victoria. Kisha studio ya Universal ikawachukua waigizaji haohao na kuwahamishia katika Uingereza ya Vita Kuu ya Pili. Filamu yao ya kwanza inaanza na maandishi yanayomwambia mtazamaji kwamba Holmes hazeeki wala hana zama. Adui ni sauti ya redio ya Wanazi inayotangaza maangamizi yanayoikumba Uingereza. Wakati wa kutoka nyumbani Holmes ananyoosha mkono kuchukua ile kofia maarufu. Watson anamkumbusha kwamba alikwisha kuahidi, naye anaiacha na kuvaa kofia ya kawaida ya miaka ya 1940. Kwa sekunde chache hizo studio iliomba radhi na ruhusa kwa wakati mmoja.

Universal ilitoa filamu 12 hadi 1946. Tatu za mwanzo zilipambana na Wanazi, kisha vita vikasogea pembeni na hadithi zikarudi kwenye majumba ya mashaka na vijiji vyenye ukungu. Kilichosasishwa humo kilikuwa nguo na adui. Namna Holmes anavyotazama vitu haikuguswa sana na karne mpya, na motokaa ilifanya kazi ileile ya gari la farasi: kumfikisha alikokuwa akienda.

Kumhamisha mpelelezi huyu si lazima kuanzie kwenye skrini, na wasomaji wa Kiswahili wanalijua hilo. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa akaingia katika fasihi yetu na kiko chake na akili yake ya kupambanua, akiwa na rafiki yake Najum. Nasaba yake na Holmes inaonekana wazi. Lakini Abdulla hakuishia kubadili majina: alimpa mpelelezi wake mashamba, itikadi na mazungumzo ya Unguja, na fumbo likaota kutoka humo.

Kwenye skrini ya Uingereza, nusu ya pili ya karne ilielekea upande wa uaminifu kwa vitabu. Kilele chake kilikuwa mfululizo wa Granada wa 1984 hadi 1994, ambamo Jeremy Brett alimwigiza Holmes kwa kufuata maandishi na michoro kwa karibu mno. Baada yake, anayetaka Holmes wa zamani alikuwa na pa kwenda.

Waandishi Steven Moffat na Mark Gatiss walikuwa wakiandikia kipindi cha Doctor Who, kilichotengenezwa Cardiff, na safarini katika treni walizungumza habari za Holmes. Waligundua kwamba wote wawili walizipenda filamu za Rathbone zilizodharauliwa na wengi. Gatiss alikumbusha jambo moja: katika kitabu cha 1887, Watson ni daktari wa jeshi aliyerudi nyumbani akiwa amejeruhiwa Afghanistan. Uingereza ilikuwa na askari Afghanistan tena. Mlango ulikuwa wazi bila kuvunjwa.

Kipindi cha majaribio cha dakika 60, cha Holmes wa leo, kilipigwa, lakini BBC iliagiza vipindi vitatu vya dakika 90, na hadithi ikapigwa upya. Kipindi cha kwanza cha Sherlock kilirushwa tarehe 25 Julai 2010, Benedict Cumberbatch akiwa Holmes na Martin Freeman akiwa Watson. Humo mna dakika chache zinazoonyesha kazi ya kusasisha ilivyo hasa.

Katika The Sign of the Four, cha 1890, Watson anamjaribu Holmes kwa kumpa saa ya mfukoni. Holmes anaona herufi H.W. mgongoni, mikwaruzo ya kukaa mfuko mmoja na funguo na sarafu, na zaidi ya yote mikwaruzo mingi kuzunguka tundu la ufunguo wa kujazia saa. Mkono wa mtu asiyelewa, anasema, hauwi hivyo. Saa ilikuwa ya kaka yake Watson, mlevi aliyekwisha kufa. Mwaka 2010 saa imekuwa simu ya mkononi. Ina mikwaruzo ya funguo na sarafu, ina jina la Harry Watson na la mpenzi aliyeitoa zawadi, na kuzunguka tundu la chaji pana alama za mkono unaotetemeka usiku. Holmes anahitimisha: kaka, mlevi, ndoa imevunjika. Yote ni kweli isipokuwa moja. Harry ni ufupisho wa Harriet, ni dada.

Waandishi walitafuta kitu ambacho watu wa leo wanakibeba, wanakirithishana na kukichafua kwa tabia zao, kama saa ilivyokuwa wakati ule. Kisha wakaongeza kosa dogo ambalo msomaji wa kitabu hakulitarajia, kwa hiyo hata anayekijua chanzo kwa moyo ananaswa. Ndivyo walivyofanya pia na neno RACHE lililoandikwa penye maiti. Katika A Study in Scarlet Lestrade wa polisi anadhani ni jina Rachel ambalo halikumaliziwa, na Holmes anamsahihisha kwamba ni Kijerumani, maana yake kisasi. Katika runinga mtaalamu wa polisi ndiye anayetoa jibu la Kijerumani, na Holmes anamfungia mlango: ni Rachel. Muuaji alibaki vilevile dereva, kwanza wa gari la farasi, sasa wa teksi, kwa sababu teksi bado ni chombo ambacho mji mzima hukipanda bila kumtazama anayekiendesha.

Mwongozaji Paul McGuigan aliamua kwamba ujumbe wa simu uonekane hewani, kando ya nyuso za waigizaji, badala ya kuikatia kamera kwenye kioo cha simu. Maneno na mawazo ya Holmes yakaelea pamoja mbele ya mtazamaji. Mwaka 2012 Marekani nayo ilianza Elementary, ambamo Holmes anaishi New York na Watson ni mwanamke, akiigizwa na Lucy Liu. Kiliendelea hadi 2019 na vipindi 154.

Sherlock kilikoma 2017 baada ya vipindi 13. Wachambuzi wengi waliona kuwa mwishoni kiliacha mafumbo na kuzama katika siri za ukoo wa Holmes. Naona walikuwa na hoja. Simu na intaneti zimempa kila mtu habari, na Holmes mwenye habari nyingi kuliko wengine hana ajabu tena. Ajabu yake inabaki pale tu anapokitazama kitu ambacho sote tunakishika kila siku na kuona tusichokiona. Akigeuzwa mchawi mwenye kumbukumbu isiyo na kikomo, mtazamaji hana tena nafasi ya kushindana naye. Tangu tarehe 1 Januari 2023 hadithi zake zote hazina hakimiliki hata Marekani, na yeyote anaweza kumpeleka mji na mwaka autakao. Mavazi ndiyo yatakayokuwa rahisi. Kila atakayejaribu atalazimika kuwatazama watu wa mji wake kwa muda mrefu kabla ya kuandika mstari wa kwanza.