Tarehe 5 Septemba na wale wasio na tarehe

Najua nimepotea, testi zimetubana na bumu ndo limeingia jana. Tuachane na hayo.

Mchizi ninayekaa naye chumba kimoja amebandika karatasi kubwa ukutani: miezi yote 12, na kwenye kila tarehe mwanamuziki aliyezaliwa siku hiyo. 6 Februari Bob Marley (1945). 29 Agosti Michael Jackson (1958). Leo alfajiri kaniamsha na Queen kwa sauti ya kupasua dari, maana 5 Septemba ni ya Freddie Mercury. Kazaliwa Unguja mwaka 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, baba yake keshia wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Hayo wengi mnayajua.

Nikamuuliza, Siti binti Saad umemweka wapi? Akakuna kichwa. Na Bi Kidude? Kimya.

Unguja hiyohiyo jamani! Siti alizaliwa Fumba, kwenye mwaka 1880 hivi, wazazi wake wametoka bara, na jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa. Alikuwa akitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake. Sasa mtoto kama huyo, nani angekamata kalamu aandike siku aliyozaliwa? Mtoto wa keshia ana cheti. Huyu Shaaban Robert amemwandikia wasifu kitabu kizima, na bado siku ya kuzaliwa hatuna.

Lakini angalieni kitu kimoja. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za HMV, na hilo limeandikwa vizuri hadi mwezi wake, Machi. Kwa nini? Kwa sababu kampuni ilikuwa inauza! Tarehe inabaki pale mwenye kalamu alipokuwa na shida nayo. Mi naona hii ingefaa kuwa mada ya kwanza kabisa ya historia kidato cha kwanza, kabla hata ya zama za mawe.

Bi Kidude ndo kabisa. Nyimbo za Siti alizibeba miaka na miaka, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, dunia nzima inampigia makofi, na umri wake watu wanakisia tu. Siku aliyofariki ndiyo inayojulikana, 17 Aprili 2013, maana wakati huo waandishi wa habari walishakuwa mlangoni.

Basi nikachukua kalamu nikamwandika hapo 17 Aprili. Mchizi akaja juu: hii kalenda ya kuzaliwa, wewe unaniletea misiba! Tumebishana mpaka chai ya kantini ikaisha.

Baadaye nikampigia bibi yangu mzaa mama. Kitambulisho chake kinasema 1 Julai. Kumbe karani alimuuliza tarehe, yeye akajibu mwaka wa nzige, karani akajaza anavyojua. "Mjukuu wangu, hiyo ni siku yake yeye," akacheka.

Siti nimemweka mwezi Machi, kwa penseli, bila siku. Mwenye nayo aniletee, chumba mnakijua.