MENDE: NANI KAMLETA? (Sehemu ya 3)

Tunaendelea na wadudu wa nyumbani. Leo ni zamu ya mende, au kombamwiko kama wengine mnavyomwita.

Hapa Tunduma ukimuuliza mwenye nyumba, atakwambia mende kaletwa na mpangaji mpya. Mpangaji atasema ametoka chumba cha jirani. Wengine wananyoosha kidole ng'ambo, Nakonde. Na wenzetu wa Nakonde sijui kama hawanyooshi huku!

Kulaumiana huku ni kwa zamani. Yule mende mdogo wa kahawia, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, anayejificha nyuma ya friji na kwenye bawaba za kabati, mwaka 1767 Carl Linnaeus wa Sweden alimpa jina la "mende wa Ujerumani". Warusi wakamwita Mprusi. Baadhi ya Wajerumani nao wakamwita Mrusi. Kila mtu na jirani yake!

Kumbe wote walikosea. Mwaka 2024 ulitoka uchunguzi wa vinasaba vya mende kutoka nchi 17. Asili yake ni upande wa India au Myanmar, miaka 2,100 hivi iliyopita. Akasafiri na watu hadi Mashariki ya Kati, ndipo baadaye sana akafika Ulaya. Na yule mkubwa mwekundu wa chooni, anayeitwa "wa Marekani"? Huyo asili yake ni Afrika, alivushwa bahari na meli za biashara, zikiwemo zilizobeba watumwa.

Umeona? Mende anasafiri na mizigo yetu. Na mji wetu ni wa mizigo: reli ya TAZARA iliyojengwa 1970 hadi 1975, foleni ya malori, katoni, magunia, friji za mtumba. Kwa hiyo kumkuta mende kwako si aibu. Aibu ni kumfuga.

Sasa niseme kinachoniuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Texas, Marekani, mende walishaanza kuizoea dawa kali ya wakati huo. Binadamu akaongeza makali, mende naye akazoea tena. Na sisi tunafanya hivyo hivyo: mtu anachukua dawa ya shambani, ya kahawa au mahindi, anapuliza jikoni, inayobaki anaiweka kwenye chupa ya soda chini ya kitanda. Mtoto anaikuta.

Sisi manesi ndio tunampokea: mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, anahema kwa shida. Ikitokea, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Kwa mende, fanya hivi: osha vyombo kabla ya kulala, funika pipa la taka, kausha maji kwenye sinki, ziba nyufa. Kagua katoni kabla hazijaingia ndani. Tumia dawa ya mende ya chambo yenye lebo, weka mtoto asipofika. Na muongee na majirani mfanye siku moja, maana ukifukuza peke yako, anahamia kwa jirani kisha anarudi.

Jirani si adui. Mko kwenye vita moja.

Sehemu ya 4 ni panya. Uliza swali lako hapa chini, nitajibu nikitoka zamu.