Tairi za matope: Meno makubwa si hoja, tazama mpira

WAPENZI wa magari ya nyikani wanapokutana, mabishano kuhusu tairi hayakosi. Mmoja husifu meno marefu, mwenzake huapa kwamba mpira laini ndio unaoshika mwamba. Wachache huuliza tairi yenyewe iliundwa lini.

Tairi ya matope huwa na alama ya M/T ubavuni. Meno yake ni makubwa na yameachana ili tope lipate pa kutokea gurudumu linapozunguka. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Athi, hata hilo huenda lisitoshe. Udongo hunata, hujaza mianya yote, na tairi ya bei ghali ikawa kipara mbele ya macho ya mwenyewe.

Mpira wa tairi ni mchanganyiko. Mpira asilia, utokanao na utomvu wa mti, hauchaniki upesi wala haupati joto jingi, na kwa hivyo hutumiwa sana katika tairi za malori na za kazi ngumu. Ule wa viwandani, utokanao na mafuta ya petroli, hustahimili kulika. Huongezwa masizi ya kaboni, ambayo huuimarisha na kuupa weusi wake, kisha ukapikwa pamoja na salfa. Charles Goodyear alipata hataza ya mbinu hiyo nchini Marekani mwaka 1844.

Mpira laini hujikunja kufuata jiwe, lakini huisha haraka kwenye lami. Mgumu hudumu, ila huteleza. Katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, ushindi huenda kwa anayefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Madereva hukata moja kwa moja mawe na miiba, na aghalabu kinachotoboka ni ubavu, si meno yanayobishaniwa.

Umri nao hupuuzwa. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kuundwa: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Zikiwa tatu tu, tairi hiyo iliundwa kabla ya mwaka 2000, na haifai kabisa. Oksijeni na ozoni hukausha mpira hata ukiwa ghalani, na tairi kuukuu ikipakwa dawa ya kung'arisha hufanana na mpya. Chunguza nyufa kwenye mashina ya meno.

Gari lililoshinda topeni Jumapili ndilo hupeleka watoto shuleni Jumatatu. Kwenye lami iliyolowa, meno yaliyoachana hugusa barabara kwa mpira mchache, na gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama. Aidha, dereva aliyepunguza upepo ili tairi itandazike mchangani sharti aujaze tena kabla ya kurudi barabara kuu. Tairi yenye upepo haba ikiendeshwa kwa kasi hupata joto ndani kwa ndani hadi ikapasuka.