Ngagara, Ng'ambo ya Mto Ntahangwa

Ngagara ina majina mawili. La kwanza ni lile lililo katika ramani za serikali. La pili, ambalo wenyeji wa Bujumbura hawakuliacha, ni OCAF. Jina hili la pili si la Kirundi wala la Kiswahili. Ni masalio ya Office des Cités Africaines, idara iliyoundwa na Wabelgiji mwaka wa 1952 ili kuwajengea Waafrika nyumba katika miji mikubwa ya Kongo na katika Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule. Imeonekana yafaa kuziweka habari za mtaa huo katika kijitabu hiki cha kumbukumbu, ingawa wengi katika Waislamu wa Buyenzi wamezoea kuutazama kama nchi ya ng'ambo. Mto Ntahangwa wapita kati yetu na wao. Lakini mto si kizuizi peke yake.

Waislamu walikuwapo hapa kabla ya Ngagara kupata nyumba hata moja ya idara ile. Wadachi walipoweka boma lao Usumbura mwaka wa 1897, walifuatana na askari, wapagazi na wafanya biashara waliosema Kiswahili, na wengine walikwisha kuja mbele yao kwa njia ya ziwa. Walitoka Ujiji, Unyamwezi, Manyema na pwani, na pamoja nao walikuwako Waarabu na Wahindi. Wabelgiji walipouchukua mji mwezi wa Juni 1916 waliwakuta watu hawa, wakawatenga mbali na mahali pa Wazungu, na katika miaka iliyofuata Buyenzi ikawa ndiyo makao yao makuu. Wakaishi humo mafundi cherehani, maseremala, wavuvi, madereva na wenye maduka madogo. Riziki yao ilikuja kwa siku, na siku nyingine haikuja.

Sasa tazama jinsi OCAF ilivyojenga. Kwa haki yake, kazi ilikuwa njema. Nyumba zilikuwa za kudumu, barabara zilinyooka, na mtaa haukupangwa nyumba tupu, bali pamoja na mahali pa shule na soko. Mitaa midogo ya ndani haikupewa majina ya watu wala ya vijiji bali nambari, na hata leo mtu wa Ngagara akiulizwa kwao hujibu kwa nambari. Lakini nyumba zile ziliuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo kwa muda wa miaka, na idara ilitaka kuwa na hakika ya kulipwa. Kwa hiyo aliyefaa alikuwa karani, mwalimu, muuguzi, mtumishi wa serikali au wa kampuni, yaani mtu mwenye mshahara unaojulikana mwisho wa mwezi. Fundi cherehani wa Buyenzi, hata kama kwa mwaka alipata fedha kuliko karani, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mlangoni pa Ngagara palikuwa na swali moja: mshahara wako ni kiasi gani?

Na mshahara nao ulikuwa na mlango wake. Elimu katika Ruanda-Urundi ilikuwa karibu yote mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walihofu kwamba mtoto akienda kutafuta kusoma atarudi na jina jingine. Wakawapeleka watoto chuoni kusoma Kurani, na hawakukosea kwa hilo. Lakini mtoto asiyejua Kifaransa hakuajiriwa kuwa karani, na asiyekuwa karani hakupata nyumba ya OCAF. Hivyo bila ya sheria yoyote iliyosema Mwislamu asikae Ngagara, Waislamu waliokaa Ngagara walikuwa wachache. Jambo hili ladai kutazamwa sana kuliko maneno makali ya wakoloni, kwa maana maneno makali husahauliwa, lakini mlango ukisha jengwa hudumu.

Mtu mmoja aliuona upungufu huu mapema. Mwana wa Mwami, Louis Rwagasore, alianzisha mwaka wa 1957 chama cha ushirika cha wafanya biashara, na wengi aliowakusanya walikuwa Waswahili wa mji huu. Shabaha yake ilikuwa wenye mitaji midogo waungane, wanunue kwa jumla, wasiwe chini ya wenye maduka makubwa siku zote. Tusikipambe chama kile kupita kiasi: hesabu zake zilikuwa dhaifu, kikaingia madeni upesi, na serikali haikukipenda. Lakini kilimwuliza mtu unauza nini na unaweza kuchanga nini. Hakikumwuliza dini yake wala karatasi yake ya mshahara. Urafiki uliozaliwa humo haukufa na ushirika. Waswahili wa Buyenzi walisimama naye katika siasa mpaka ushindi wa Septemba 1961, na walimlilia kama mtoto wao alipouawa tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962.

Miaka thelathini baadaye likaja swali baya kuliko yote mlangoni. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na katika miezi iliyofuata mitaa ya Bujumbura ikachambuliwa kama mchele. Kamenge na Kinama zikahesabiwa kuwa za Wahutu, Ngagara na nyinginezo kuwa za Watutsi, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakakimbiana usiku. Buyenzi ilibaki kwa muda mahali pa kukimbilia; Waislamu waliwaficha Wahutu na Watutsi nyumbani mwao, na sifa hiyo ni ya haki. Ila si haki kuitaja bila ya kutaja Machi 1995, wakati Bwiza na Buyenzi zenyewe zilipovamiwa, watu wakauawa, na maelfu wakahama. Ukuta wa mtaa mmoja hauwezi kuzuia moto wa mji mzima.

Katika mwaka huo huo wa 1993 kilifunguliwa upande wa kaskazini Kituo cha Vijana cha Kamenge. Si cha Waislamu. Kilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waxaveri. Nakitaja kwa sababu ukweli wadai kutajwa. Kituo kile hakikutafuta faida, wala hakikuwa cha mtaa mmoja. Kiliwaita vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha, wa kila kabila na kila dini, na Waislamu wakawamo. Walicheza mpira pamoja, walisoma katika maktaba moja, na wakati wa likizo walifyatua matofali kwa ajili ya nyumba zilizobomolewa. Kijana wa Ngagara aliyebeba tofali kwa ajili ya nyumba ya Kamenge alifanya jambo ambalo OCAF, pamoja na wahandisi wake wote, haikupata kulipanga. Mwaka wa 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood huko Stockholm.

Haikuwa dawa ya kila ugonjwa. Mwaka wa 2015 Ngagara ilirudi kuona risasi na maiti barabarani, na wengi wakahama tena.

Kwetu sisi wa jumuiya za Kiislamu habari hizi zina uzito wake. Kila jumuiya ianzishayo darasa, zahanati au mfuko wa kusaidiana yajenga mlango, na yapasa iamue mapema swali gani litaulizwa hapo. Aya ya 36 ya Surat An-Nisaa yaamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na haikutaja kabila lake. Wako wanaosema kwamba fedha za Waislamu ni haba, ziwatoshe Waislamu kwanza. Katika Zaka hukumu zake zajulikana, na hapa si mahali pa kuzibishania. Lakini darasa la kusoma na kuandika, au kisima, au hifadhi ya usiku wa hatari, huyo jirani asiyeswali akifukuzwa humo, tutakuwa tumeiga OCAF bila ya kuwa na nyumba zake.

Mwaka wa 2014 sheria ilizikusanya tarafa 13 za Bujumbura zikawa tatu. Ngagara iliunganishwa na Kamenge, Kinama, Cibitoke, Buterere na Gihosha, ikawa tarafa moja ya Ntahangwa: ndiyo mitaa sita ile ile ambayo kituo cha vijana kiliiandika katika daftari moja zaidi ya miaka 20 kabla. Buyenzi iliingizwa katika Mukaza. Mto ukabaki kuwa mpaka, na madaraja yake hupitwa na watu wa pande zote mbili tangu alfajiri.