Kwa Meza, Juu ya Meza: Maneno ya Mahali katika Mitaa ya Eastlands

Tangu Pumwani ya miaka ya 1920 na Kariokor, iliyopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, hadi Kaloleni, Bahati na Jericho zilizofuata, mitaa ya mashariki ya Nairobi iliwakusanya watu wa lugha nyingi, ambao kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya kukutania, na katika kukutana huko sarufi ya mahali ndiyo iliyogeuka kwa kina.

Kiswahili cha pwani hukitia kitu mahali pake kwa kiambishi "-ni" pamoja na ngeli tatu: "pa" ya mahali mahususi, "ku" ya mahali pasipodhihirika, na "mu" ya ndani. Eastlands mfumo huo ulipisha neno moja, "kwa", hata ikasemwa "kitabu iko kwa meza" na "maji iko kwa ndoo". "-Ni" ilibaki katika maneno yaliyoganda kama "nyumbani" na "chini", ambalo asili yake ni "nchi" iliyotiwa "-ni". Huo haukuwa umaskini wa lugha, kwani umbo la meza na la ndoo, pamoja na vitenzi kama "ingia" na "toka", hueleza ambacho "kwa" haikielezi.

Ugumu ulikuja na shule. Mwaka 1957 ulianza Nairobi, katika shule za Waasia, mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ambao baadaye uliitwa New Primary Approach, na Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ikauunga mkono mwelekeo huo kwa taifa huru. Mtoto mwenye "kwa" moja alitakiwa sasa kuchagua kati ya "in", "on" na "at", ilhali Kiingereza chenyewe humweka abiria "on" ya basi lakini "in" ya gari dogo, ndege "in" ya mti na tunda "on" ya mti uleule, mahali ambapo Kiswahili husema "mtini" kwa yote mawili. Kwa upande wa pili, "juu ya" hubeba mambo ambayo Kiingereza huyatenga: kitabu kilichoigusa meza, na ndege ya kijeshi inayopita angani juu ya Eastleigh bila kugusa paa lolote.

Hata "mbele" huleta utata. Kwa mwenda kwa miguu, duka lililo mbele ya kanisa laweza kuwa lile atakalolifikia baada ya kulipita kanisa, kwa kuwa "mbele" hufuata mwendo wake. Kiingereza hufuata uso wa kanisa, yaani upande wa mlango wake mkuu.

Walimu wa mitaa hii na waanze na maswali ambayo mtoto tayari anaweza kuyajibu kwa Kiswahili chake: kitu kimegusa, kimening'inia, au kimeingia?